Mmea unapumua mchana na usiku

Mkuu, umesema kijana wako wa kidato cha pili ameandika kwenye daftari kwamba mimea hufanya usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga) mchana na kupumua usiku, akapewa vema, nawe unatilia shaka. Una haki ya kutilia shaka. Nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, na katika mada hii hakuna kosa sugu kama hilo.

Mmea unapumua saa zote 24. Kila seli hai, iwe ya jani, mzizi au mbegu, inahitaji nishati muda wote. Inaipata kwa kuvunjavunja glukosi, yaani sukari, kwa msaada wa oksijeni, kazi kubwa ikifanyika ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, na kinachotoka ni kabonidayoksaidi na maji. Usanisinuru ndio wenye masharti: pawe na mwanga, na seli iwe na klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Mzizi wa mhindi hautengenezi chakula, lakini unapumua. Maji yakituama shambani siku kadhaa, mahindi yanageuka manjano kwa sababu mizizi imekosa oksijeni.

Watu wanachanganyikiwa kwa kuwa jua likiwaka jani linatengeneza oksijeni nyingi kuliko linayoitumia, na kabonidayoksaidi ya upumuaji wake inatumika humo humo. Ukipima nje ya jani, upumuaji huuoni. Usiku ndipo unajitokeza, maana umebaki peke yake. Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, aliandika tangu 1779 kwamba majani yanasafisha hewa juani na kuichafua gizani.

Tena kijana asikariri kwamba usanisinuru na upumuaji ni kinyume basi. Milinganyo yake ya kikemia inaonekana imegeuzwa tu, ila njia ni tofauti, na vimeng'enya vingi, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, ni tofauti. Hata oksijeni ya usanisinuru haitoki kwenye kabonidayoksaidi kama wengi wanavyodhani. Inatoka kwenye maji. Wanasayansi Ruben na Kamen walilionyesha hilo 1941 kwa kutumia maji yenye oksijeni nzito, aina ya oksijeni inayoweza kufuatiliwa kwa uzito wake.

Kuonyesha kwamba mbegu inapumua, mimi darasani natumia chupa mbili za chai. Moja naijaza maharage yaliyolowekwa yakaanza kuchipua, nyingine maharage yaliyochemshwa yakapoa. Yote nayasuuza kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, la sivyo kuvu itaharibu jaribio. Naziba kwa pamba, kipimajoto kikipita katikati. Baada ya siku mbili tatu, chupa ya maharage hai imepanda joto na ile nyingine iko vilevile. Ukitoa pamba, mvuke wa uvuguvugu unakupiga usoni. Hiyo ni sehemu ya nishati ya glukosi ambayo seli haikuweza kuihifadhi kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, ikapotea kama joto. Wanafunzi wakishaligusa joto lile, hawaandiki tena kwamba mbegu imelala tu.

Wakulima wanalijua jambo hili bila darasa. Ingiza mkono katikati ya gunia la mahindi yaliyofungwa kabla hayajakauka, utakuta moto: punje zinapumua, na kuvu nayo inapumua. Ndiyo sababu tunaanika mpaka unyevu ushuke kufikia kama asilimia 13. Mifuko isiyopitisha hewa inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: wadudu na punje wanaimaliza oksijeni iliyomo, na wadudu wanakufa bila dawa.

Kijana aombe chupa na kipimajoto shuleni, maharage atoe nyumbani.