Je, jino langu limezibwa pungufu?

SWALI: Daktari, mimi ni seremala, nina miaka 61. Mwezi uliopita nilitibiwa mizizi ya gego la chini, kushoto. Nilionyeshwa picha ya eksirei: dawa nyeupe imeshuka kwenye mizizi, lakini imekomea kama milimita moja kabla ya ncha. Jino haliumi, ila binti yangu anasema nirudi wakamalizie. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Usirudi kumaliziwa. Kwa unavyoeleza, aliyekutibu alikomea panapotakiwa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na chupa ya magego yaliyong'olewa. Usiku niliyatoa moja moja nikatazama ncha za mizizi kwa kioo cha kukuzia. Nilitegemea kuona tundu nchani kabisa, kama la kalamu ya wino. Mengi hayakuwa hivyo! Tundu lilikuwa ubavuni, kando ya ncha, na mzizi mmoja ulikuwa na vitundu vitatu, kama vimechomwa kwa pini. Tangu usiku ule sijawahi kuiamini ncha.

Tena tundu hilo halinyooki kama lililotobolewa kwa keekee. Mfereji wa ndani ya mzizi, unaoishia kwenye tundu hilo, unashuka ukipungua, unabanwa kama shingo ya kibuyu, halafu unapanuka tena kuelekea nje. Hapo shingoni ndipo tunapotaka kukomea. Kupita hapo ni kuingia kwenye nyama hai inayolishika jino na mfupa. Dawa ikimwagika huko huichokoza, na mgonjwa anaweza kukaa na maumivu kwa siku kadhaa.

Mwaka 1955 Yury Kuttler wa Mexico alichapisha vipimo vya ncha za meno 268. Kutoka shingoni hadi katikati ya tundu la nje alipata kama nusu milimita kwa vijana, na karibu milimita 0.66 kwa waliovuka miaka 55. Kinacholeta tofauti ni simento, tabaka linalofunika mzizi: huongezeka maisha yote, ncha ikarefuka na tundu likazidi kusogea pembeni. Ongeza umbali wa kutoka tunduni hadi nchani, na milimita uliyoiona inapata maelezo, hasa kwa umri wako.

Mwambie binti yako kwamba picha ni kivuli cha upande mmoja. Tundu likiwa upande wa ulimi au wa shavu, pichani halionekani. Ndiyo maana tunatumia pia kifaa cha umeme, kinachotokana na kazi ya Sunada wa Japani mwaka 1962: waya mmoja mdomoni, mwingine kwenye kisindano kilicho ndani ya mzizi, nacho hulia kinapokaribia tundu. Huenda uliusikia mlio huo ukiwa kitini.

Dawa ingekomea milimita tatu au nne juu, ningekuwa na wasiwasi, maana uchafu na vijidudu hubaki chini. Ukiona fizi imevimba, kipele kinatoa usaha, au jino linauma ukitafuna, rudi mara moja.

Na kama gego hilo halijavishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulikinga, hilo ndilo la kurudi nalo wiki hii. Limetobolewa katikati na kuta zake zimebaki nyembamba. Likipasuka na ufa ukashuka mzizini, mara nyingi hulazimika kung'olewa.