Mjeda wa chumba cha pili

Mkuu umeuliza swali zuri: Wamarekani wakikutana na mwanajeshi uwanja wa ndege wanamshukuru kwa utumishi wake, je, sisi tukimkuta mjeda kwenye daladala au dukani tumwambie nini? Nitakujibu kwa niliyoyaona, maana nimekaa nyumba moja ya kupanga na mjeda, Kawe, si mbali na Lugalo.

Tusidanganyane, wengi wetu tumekua tunawaogopa. Kila mtaa una hadithi ya kijana aliyevaa suruali ya mabaka akarushwa kichura mchana kweupe. Mimi mwenyewe mama mwenye nyumba aliponiambia chumba cha pili kuna mjeda, nilijuta kulipa kodi ya miezi sita. Kumbe jamaa ni mtu wa kufua mwenyewe Jumamosi, buti zake dirishani, salamu kwa kila mtu. Tulikuwa tunapanda daladala moja asubuhi. Akiwa na kombati konda hamdai nauli, na yeye hakai kabisa hata siti zikiwa wazi. Nikamuuliza kwa nini. "Siti ni ya aliyelipa, dogo." Jioni akiwa na kiraia alitoa nauli kama sisi.

Mwaka 2017 akaenda misheni Kongo, kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2013, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Akaacha mke, tumwite Mama Nasra, na binti wa miaka mitatu.

Tarehe 7 Disemba jioni kambi ya vijana wetu Semuliki, kule Beni, ikavamiwa. Habari zilitufikia Ijumaa: 14 wameuawa, majeruhi kibao. Majina hayakutajwa. Nilitoka kazini nikamkuta shemeji amekaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, anapiga, anasikiliza ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani", anakata, anapiga tena. Mboga ilikuwa imeungua jikoni na hakuna aliyeisogelea.

Nilijiandaa kusema maneno ya faraja, sikuyapata. Saa tatu usiku umeme ukaisha, LUKU yetu ilikuwa ya pamoja na zamu ya kununua ilikuwa yangu, nilisahau. Simu yake ilikuwa na asilimia nne. Wakuu, sijawahi kukimbia vile. Duka la kwanza limefungwa, la pili mtandao unasumbua, la tatu nikapata. Nimerudi nikaingiza zile tarakimu ishirini huku mikono inatetemeka, nikakosea mara mbili. Umeme ulipowaka alichomeka simu, akakaa sakafuni pembeni ya soketi mpaka alfajiri. Mama mwenye nyumba akamchukua Nasra akalala naye. Mimi kazi yangu ilikuwa chai.

Jumamosi ilikuwa Siku ya Uhuru. Runinga ya jirani inaonyesha gwaride, bendi inapiga, na sisi tumekaa kimya tunaiangalia simu. Saa tano na kitu ikaita, namba ngeni ya Kongo. Ni mumewe, hakuongea hata dakika moja. Shemeji alichosema ni "umekula?" basi, akaanza kulia.

Wapo wake wengine ambao simu zao hazikuita, na siwezi kuandika hapa kama najua walipitia nini.

Jamaa alirudi mwaka uliofuata, kakonda. Mtaa mzima ulimuuliza mambo mawili: umeua wangapi, na umerudi na dola ngapi. Alikuwa anacheka tu halafu anaingia ndani. Kwa hiyo mkuu, hayo mawili usimuulize mjeda yeyote. Muulize nyumbani hawajambo. Kuna mzee, mlinzi kituo cha mafuta karibu na kazini kwangu, alipigana vita vya Kagera. Miezi yote namsalimu hakuwahi kugusa vita. Siku nilipomuuliza miguu inaendeleaje, maana anachechemea, ndipo alipoanza kunisimulia walivyotembea kwa mguu kutoka Kyaka hadi Masaka, na buti zilizooza miguuni kwa mvua. Risasi hakuzitaja.

Hiyo "asante kwa utumishi wako" mimi naona kwetu haikai mdomoni. Ukimwambia afande hivyo kwenye foleni ya muamala atadhani unataka kukopa. Ila ukijua jirani yako mumewe yuko misheni, muulize kama gesi ipo, mtoto akiumwa usiku toa bodaboda. Jamaa mwenyewe aliporudi hakunishukuru kwa maneno. Aligonga mlango akanipa kitenge cha Kongo, "mpe mama yako," akaondoka.

Walishahamishiwa mkoani. Kila tarehe 9 Disemba asubuhi Mama Nasra hunipigia, hana maneno mengi. "Shem, umeme upo?"