Kuonja mvinyo wa Barolo: jibu kwa mkuu anayekwenda Italia mwezi wa kumi

Mkuu, umeuliza hivi: wewe na shemeji mtakuwa Milano mwezi wa kumi, mna siku chache za wazi, unapenda mvinyo lakini uzoefu wako unaishia kwenye ule wa Dodoma, shemeji hanywi kabisa, na unahofia mtafika kwa watu wazito mkaonekana washamba. Mimi naishi Torino miaka mingi sasa, na vilima vya Langhe, kunakotengenezwa mvinyo wa Barolo, ndiko ninakompeleka kila mgeni wangu, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Hofu iweke pembeni kabisa. Mtengenezaji mdogo wa mvinyo kule ni mkulima. Anayekufungulia mlango mara nyingi ndiye aliyepogoa mizabibu wakati wa baridi, na ukimpa mkono utausikia ulivyo mgumu. Hakutegemei ujue kitu, anataka uwe na hamu ya kujua. Na wewe una la kumwambia pia. Mwambie kwamba Dodoma watu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, uone atakavyoweka chupa chini. Kwao mzabibu hulala msimu wote wa baridi na mavuno ni mara moja tu. Mzee mmoja wa kijiji cha Monforte alinibana kwa maswali hadi chakula cha mchana kikapoa: mnakata lini, mti unapumzika vipi, mvua inakuja saa ngapi ya msimu.

Wengi watakushauri mkoa wa Toscana. Ni kuzuri, sibishi, ila wewe uko Milano, na Piemonte, mkoa wenye Torino na vilima vya Langhe, iko jirani. Treni ya kasi hadi Torino ni kama saa moja, kisha unapanda ya kawaida mpaka mji wa Alba. Tatizo linaanzia Alba, kwa sababu vijiji viko juu ya vilima na mabasi ni ya kubahatisha. Kodini gari. Hapo ndipo shemeji anakuwa mtu muhimu kuliko wote, maana Italia ukomo wa kilevi kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka 3 ni sifuri. Kama anaendesha, abebe leseni ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kama haendeshi, tafuteni dereva wa pale pale Alba kwa siku nzima. Barabara zile ni kona juu ya kona, sio za mtu aliyetoka kuonja.

Sasa Barolo yenyewe. Ni mvinyo mwekundu wa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo, kutoka vijiji 11 upande wa kusini-magharibi wa Alba. Sheria inataka ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Ukiandikwa Riserva ni miezi 62. Mwaka 2014 UNESCO iliyaingiza mashamba haya kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na ukisimama pale uwanjani kwenye kijiji cha La Morra asubuhi ukungu unapoachia bonde, utaelewa walichokiona.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, na ndio uliobadilisha namna ninavyoonja: nendeni kwa wakulima wawili tu kwa siku, mmoja upande wa La Morra, mwingine Serralunga d'Alba. Ni zabibu ile ile na sheria ile ile, vilima vikitazamana, halafu kwenye glasi ni vitu viwili tofauti. Udongo wa La Morra unatoa mvinyo laini, unaonukia mapema, wenye harufu ya waridi. Serralunga udongo ni mkongwe zaidi, na mvinyo wake ni mgumu, umejifunga, unadai miaka. Ukionja yote miwili siku moja, kinywa chako kitajifunza kitu ambacho hakuna maelezo yatakayokufundisha. Ukienda sehemu tano kwa siku, ya tatu hutaikumbuka.

Miadi ni lazima. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, sema mko wangapi, lugha gani mnaielewa, na kwamba mmoja wenu hanywi. Nebbiolo huchelewa kuiva na kwa kawaida huvunwa mwezi huo huo wa kumi, kwa hiyo wapo watakaokukatalia kwa sababu wako shambani. Usikasirike, mwandikie mwingine. Omba saa nne asubuhi kwa mmoja na saa tisa alasiri kwa mwingine, katikati mle kwa utulivu. Gharama ya kuonja niliyozoea kuona ni kati ya euro 20 na 40 kwa mtu, na kwa wadogo wengine ukinunua chupa kadhaa wanaiondoa. Vyumba vya kulala vitafuteni mapema, maana msimu huo ndio wa maonyesho ya uyoga mweupe wa ardhini wa Alba na mji hujaa.

Kama mtabahatika kufika wakati wa mavuno, harufu itawapokea kabla ya mwenyeji. Juisi inachachuka kwenye matangi, maganda yanasukumwa juu na hewa, na watu wanayalowesha tena ili yatoe rangi na nguvu. Sogeza sikio kwenye tangi, utasikia linavyochemka ingawa hakuna moto. Kisha mtateremka chini kwenye ghala, baridi inawapiga usoni, na pale yamelala mapipa makubwa kuliko chumba cha mtu. Mwombe akuchotee mvinyo ambao bado uko pipani. Atapanda ngazi, atatumbukiza mrija wa kioo kwenye tundu la juu, ataziba kwa kidole, atakudondoshea kidogo. Ni mchanga, mkali, haujatulia, lakini ukishauonja huo utaelewa ile miezi 38 ni ya nini.

Muulize pia kuhusu mapipa, maana kule hilo ni jambo la familia kugombana. Miaka ya 1980 vijana walianza kuleta vipipa vidogo vya lita 225 vya Kifaransa ili mvinyo ulainike haraka. Elio Altare wa La Morra alichukua msumeno wa mashine akakatakata mapipa makubwa ya baba yake, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili alikuwepo mzee Bartolo Mascarello wa kijiji cha Barolo, aliyeshikilia mapipa makubwa hadi alipofariki mwaka 2005. Siku hizi ugomvi umepoa na wengi wanachanganya njia zote mbili, ila kila mwenyeji bado ana upande wake, na akianza kueleza atasahau saa. Mimi niko na mapipa makubwa. Nataka nionje kilima, sio mbao.

Kwenye meza ya kuonja wataanza na vyepesi: labda mvinyo mweupe wa Arneis, halafu mwekundu wa Dolcetto, halafu mwekundu wa Barbera wenye uchachu wa kuchangamsha mate, Barolo mwishoni. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Nebbiolo haina weusi unaoutegemea, utaona wekundu mwepesi unaopitisha mwanga, na pembeni rangi imeanza kuelekea chungwa. Usidhani ni mvinyo dhaifu. Nusa kwanza bila kuzungusha, kisha zungusha unuse tena. Chukua kidogo, upitishe mdomo mzima. Utashangaa: harufu ilikuwa ya maua, lakini mdomoni ukakasi unakubana fizi kama umeng'ata bibo. Huo ni tanini ya maganda na mbegu, ndiyo inayouwezesha mvinyo kukaa miaka 20 na zaidi. Hapo hapo kula kipande cha jibini au nyama waliyoweka mezani, uonje tena. Ukakasi unashuka na utamu wa tunda unatokea. Wenyewe hawanywi Barolo bila chakula, na wako sahihi.

Kuhusu kutema. Najua tulivyolelewa, kutema mbele ya mwenyeji ni utovu wa adabu. Kule kuna chombo maalumu mezani na mwenyeji mwenyewe atatema kabla yako. Tema bila wasiwasi. Mvinyo huu una kilevi cha asilimia 14 hivi, na glasi sita za kuonja ukizimeza zote, ya sita utakuwa unaisifia tu kwa sababu umechangamka. Ile moja iliyokugusa zaidi, omba tena kidogo mwishoni uimeze kwa heshima zake.

Shemeji hatachoka. Kuzunguka shambani na ghalani ni kwa wote, kunusa ni kwa wote, na wageni wangu wasiokunywa mara nyingi ndio wenye pua kali. Ndani ya ngome ya kijiji cha Barolo kuna makumbusho ya mvinyo, na keki ya kokwa za kule (hazelnut), zile wanazoziita nocciole, haina mpinzani. Mchana muagize tajarin, tambi nyembamba za viini vingi vya mayai.

Kununua: usijione una deni. Chupa mbili kwa mkulima mdogo ni shukrani tosha. Barolo kwa mkulima mwenyewe nimezoea kuikuta kuanzia euro 40 hivi, Dolcetto robo ya hapo, na Langhe Nebbiolo, ya zabibu zile zile lakini isiyosubirishwa miaka kama Barolo, ndiyo ninayoishauri kwa mtu anayetaka kufungua mapema. Mizigo ya mkononi usiifikirie, chupa ziingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kila moja imefungwa ndani ya nguo. Forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu lita 2 za mvinyo bila ushuru kwa mtu mzima, yaani chupa mbili za kawaida, na shemeji ana lita zake 2 vilevile. Chukueni ya La Morra na ya Serralunga za mwaka mmoja wa mavuno. Mkifika Dar msiziweke juu ya kabati la jikoni, joto litaziharibu ndani ya miezi. Zilazeni chini kabisa ya friji, na siku ya kufungua mzitoe nusu saa kabla nyama haijaiva.