Maswali ya wasomaji: Multimita ya bei poa, iaminiwe hadi wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kifaa kimoja: ile multimita (kipimo cha volti, ampea na omu) ndogo, mara nyingi ya njano, ya jamii ya DT-830, inayotumia betri ya volti 9 na kuonyesha namba hadi 1999. Majibu yetu yanahusu hiyo na ndugu zake wanaouzwa kwa majina mengine.

Ninafunga sola. Nina multimita mbili za aina hiyo. Betri ileile, dakika ileile, moja inasoma 12.41 na nyingine 12.56. Ipi inadanganya?
*Fundi sola, Singida*

Huenda hakuna inayodanganya. Soma karatasi iliyokuja na kifaa, utakuta usahihi wa volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) umeandikwa ±0.5% na tarakimu 2. Sehemu ya kwanza ni asilimia ya kile unachopima. Ya pili ni hatua za tarakimu ya mwisho kulia. Tuseme betri yako kwa kweli ina volti 12.48 na umeweka swichi kwenye renji ya 20V, yaani upeo wa kipimo: asilimia 0.5 ni volti 0.06, hatua mbili ni 0.02, jumla 0.08. Multimita iliyo nzima kabisa inaweza kusoma kuanzia 12.40 hadi 12.56. Zako zote mbili zimo humo, kila moja ukingoni kwake.

Renji nayo ina neno. Ukiweka 200V, hatua ya mwisho inakuwa volti 0.1, na kosa lote linafika volti 0.26. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa hukaa karibu 12.7, iliyofika nusu hukaa karibu 12.2. Tofauti yote unayoitafuta ni nusu volti, nawe umeshaachia robo volti juu na robo chini. Tumia renji ndogo kuliko zote inayotosha kipimo chako.

Kabla ya kuilaumu multimita yoyote, badilisha betri yake ya volti 9. Hapa ndipo vifaa hivi huwakosesha mafundi kuliko mahali pengine popote. Chipu ya ndani hutumia betri hiyo kutengeneza volteji ya rejea, na kila kipimo hulinganishwa na rejea hiyo. Betri ikishuka kukaribia volti 7, rejea hulegea. Rejea ikishuka, namba kwenye kioo hupanda. Betri ya sola iliyochoka inasomeka kama imejaa, mteja anaambiwa aendelee kuitumia, na baada ya miezi michache imekufa. Usingoje alama ya betri kwenye kioo: kwenye baadhi huchelewa, kwenye nyingine haiwaki kabisa. Betri hiyo ipime kwa multimita nyingine, na ikifika 7.5 itupe.

Ukitaka kujua ipi kati ya mbili iko karibu na kweli, tengeneza rejea yako. Tafuta chipu ya LM4040 ya volti 5, daraja A, ambayo kosa lake ni 0.1%. Iunganishe na betri mpya ya volti 9 kupitia rezista ya kiloomu 2.2, kisha pima kwenye miguu ya chipu, renji ya 20V. Namba yoyote kati ya 4.95 na 5.05 ni halali. Chaja ya simu si rejea: kiwango cha USB chenyewe kinairuhusu kupotoka kutoka volti 5 kwa asilimia 5 au zaidi.

Jambo la mwisho kwako wewe wa Singida: usahihi huo wa karatasini ni wa nyuzi joto 18 hadi 28. Multimita iliyoachwa juani kwenye bati ukifunga paneli haimo kwenye ahadi hiyo. Iweke kivulini robo saa kabla ya kuandika namba.

Nimefungua yangu nikaona rezista ndogo yenye mfuo wa bisibisi. Naweza kuizungusha mpaka ikubaliane na ya jirani?
*Fundi simu, Mombasa*

Hapana. Utakuwa umehamisha kosa la jirani kulileta kwako. Iguse tu ukiwa na rejea kama hiyo tuliyoieleza, na betri ya volti 9 ikiwa mpya. Kwanza weka alama ya kalamu pale ilipokuwa, kisha sogeza kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki. Rezista hiyo inasogeza renji zote za volti kwa pamoja. Kama renji moja tu ndiyo inayokosea, ugonjwa uko kwingine.

Nina duka lenye friji mbili. Usiku multimita inasoma 214 kwenye soketi. Je, nikapeleke malalamiko ya umeme mdogo?
*Mwenye duka, Muheza*

Usipeleke namba hiyo peke yake. Kwa umeme wa AC (unaogeuka upande, kama wa soketi), multimita hii ina renji mbili tu, 200 na 750 (nyingine 600). Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo unalazimika kutumia ile ya juu, ambayo hatua yake ni volti 1 nzima. Usahihi wake ni ±1.2% na tarakimu 10. Kwa 214 hiyo ni volti 2.6 kujumlisha 10, karibu 13. Ukweli unaweza kuwa 201, unaweza kuwa 227. La kwanza ni tatizo, la pili si tatizo.

Hata hivyo kuna kitu unachoweza kukiamini, nacho ni mabadiliko. Kosa la multimita moja kwenye renji moja halirukiruki ovyo toka asubuhi hadi usiku. Pima saa nne asubuhi na saa mbili usiku, soketi ileile, siku saba, uandike. Ikiwa asubuhi unapata 232 na usiku 214 kila siku, volteji yako kweli inashuka kwa volti kama 18 watu wakiwasha vitu. Pima pia friji ikiwa imezimwa na ikiwa inazunguka: volti zikianguka pale tu inapowaka, kagua kwanza waya wa dukani kwako.

Inveta yangu ya volti 230 inaendesha taa na redio bila shida, lakini multimita inasoma 180. Imeharibika?
*Msomaji, Bukoba*

Kama ni inveta ya bei nafuu, ile ya mawimbi ya ngazi, si mbovu. Multimita hii haipimi thamani halisi ya AC. Inapima wastani kupitia dayodi moja (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kisha inazidisha kwa kigawo kinachofaa kwa wimbi laini la umeme wa gridi. Wimbi la ngazi lenye kilele cha volti 325, linalowaka nusu ya muda, lina thamani halisi ya 230, lakini kwa hesabu ya multimita linatoka 180. Ndiyo namba yako hiyohiyo. Kupima inveta kunahitaji multimita iliyoandikwa "True RMS".

Dayodi hiyo ina mtego mwingine: ukipima betri ya volti 12 huku umesahau swichi kwenye AC, utapata karibu 26 upande mmoja, na ukigeuza ncha utapata 0.

Shikamooni. Tuliunganisha rezista mbili za megaomu 1 kwa mfuatano kwenye volti 12. Katikati panatakiwa kuwa na volti 6. Yangu inasoma 4, ya mwalimu 5.7.
*Mwanafunzi wa VETA, Dodoma*

Marahaba, kijana. Zote mbili ni nzima, ila kila moja imeingia kwenye saketi kama rezista ya tatu. Yako ina ukinzani wa ndani wa megaomu 1. Ukiiweka sambamba na rezista ya chini, hizo mbili zinakuwa megaomu 0.5, na 12 × 0.5 ÷ 1.5 ni 4. Ya mwalimu ina megaomu 10, kwa hiyo inavuta umeme mdogo kuliko yako. Kwa multimita yako, saketi yenye ukinzani wa kiloomu 10 itakupa kosa la asilimia 1 hivi. Juu ya hapo fanya hesabu kabla ya kuamini.

Nikipima omu ndogo namba hazitulii, na spika ya omu 4 inasoma 4.1 leo, kesho 5.
*Fundi redio, Tanga*

Gusanisha ncha mbili kwenye renji ya 200. Ukipata 0.8, toa 0.8 kwenye kila kipimo. Spika yako iliyosoma 4.1 ina 3.3, na hiyo ndiyo kawaida ya spika ya omu 4 ikipimwa kwa DC.

Kisha, ncha zikiwa bado zimegusana, kunja nyaya pale zinapoingia kwenye plagi na kwenye vishikio. Namba ikiruka, waya umekatika ndani. Nyaya zinazokuja na multimita hizi zina nyuzi chache sana za shaba; kununua jozi nene ya silikoni ndiyo matumizi bora ya pesa kwenye kifaa hiki chote.

Nyaya zikiwa salama, mgonjwa ni swichi ya kuzungusha. Ondoa nyaya na betri, fungua skrubu za nyuma, kisha zile za bodi. Fanyia kazi ndani ya sinia: kwenye swichi mna vigololi viwili vya chuma vyenye springi, vinaruka. Futa njia za shaba kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, usikwangue kwa msasa, nyosha kidogo viguso vilivyolala, rudisha. Mwaka mmoja wa hewa ya chumvi ya pwani unatosha kuchafua swichi hiyo.

Kama umewahi kupima omu kwenye saketi yenye umeme au kapasita iliyojaa, hakikisha renji hazijaungua. Nunua rezista za 1%: omu 100, kiloomu 1, 10, 100 na megaomu 1, uweke moja kwa kila renji. Renji inayokosea kwa asilimia 5 huku nyingine ziko sawa imeungua, na mara nyingi ni za chini.

Imeandikwa CAT III 1000V. Naweza kupimia kwenye meinswichi?
*Fundi umeme, Nakuru*

Usipimie. Maandishi hayo hayana uzito mpaka uone kilichomo ndani. CAT ni daraja la usalama, linaloonyesha ni wapi multimita inaruhusiwa kupimia: CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni meinswichi na waya za jengo, CAT IV ni pale umeme unapoingilia. Fungua uangalie: tundu la 10A limeunganishwa moja kwa moja na waya mnene uliokunjwa, bila fyuzi yoyote. Fyuzi pekee ni ya kioo, ya milimita 5 kwa 20, ambayo hukata salama makumi ya ampea, ilhali shoti kwenye meinswichi inaweza kuvuta maelfu. Ukisahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A kisha ukapima volti, umefunga shoti mkononi mwako. Multimita ya CAT III ya kweli ina fyuzi za kauri zilizojazwa mchanga, ile ya 10A kwa kawaida ikiwa milimita 10 kwa 38.

Na hata kwenye soketi, usiitumie kuthibitisha kuwa umeme umekatwa kwa kipimo kimoja. Pima kwanza soketi unayojua ina umeme, kisha ile unayotaka kuifanyia kazi, kisha rudi kwenye ile ya kwanza. Waya uliokatika ndani ya plastiki husoma 0 sawasawa na soketi iliyozimwa.