Kabla Hujachora Jalada la Albamu, Kunja Karatasi

Tangu kwaya moja ya Kariobangi, Nairobi, izindue albamu yake Jumapili, ambayo jalada lake nililichora mimi, simu yangu haijatulia. Wengi wananiomba kitu kimoja: "Kaka, nitumie tempuleti uliyotumia." Siitumi. Ilichorwa kufuata "dai" ya mchapaji wetu, yaani kile kifaa chake cha kukatia kadi na kuitia alama za mikunjo. Kwa mchapaji wako mikunjo itaangukia kwingine.

Kwaya ilikuja ikitaka kasha la plastiki, lile la milimita 142 kwa 125, kwa kuwa albamu yao ya kwanza ilitoka hivyo. Nikauliza CD itauziwa wapi. Mlangoni pa kanisa, wakajibu, na walikiri wenyewe kuwa wanunuzi wengi hawana tena mashine ya kuichezea. Nyimbo wanasikiliza kwa simu au flashi. Basi mtu huyo ananunua kumbukumbu. Anataka kumwona shangazi yake kwenye safu ya nyuma ya picha ya kwaya, na ataibeba ndani ya mkoba uliobanwa kwenye matatu, ambako vijino vya kasha vinavyoshika CD huvunjika mapema.

Nikapendekeza kadi ya kukunja mara mbili, paneli tatu kila upande. Mwenyekiti hakupendezwa. "Kijana wangu, karatasi ni rahisi, watu watatudharau." Sikubishana naye. Nilikata kadi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nikaikunja palepale, nikatia CD mfukoni, nikampa mama mmoja wa sauti ya kwanza. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Mjadala ukaisha.

Kadi hiyo ndiyo iliyotuongoza hadi kwenye picha. Kwa kuwa tulijua mkunjo utapita wapi, siku ya kupiga picha tuliacha mwanya kati ya sauti ya pili na ya tatu, na hakuna uso uliokatwa. Siku ya uzinduzi nilisimama kando nikiwatazama watu wakitafutana humo kwa vidole. Nilijisikia mkubwa, nisiwadanganye.

Kuna mbunifu mmoja aliyewahi kusema mbele za watu kwamba kazi zangu ni "za River Road". Bado inaniuma kidogo, ingawa sijui kama lile ni tusi. River Road, mtaa ule wa Nairobi, ndiko sahani za santuri za muziki wa benga zilikouzwa miaka ya 1970, na jalada lililoweza kumsimamisha mpita njia pale lilikuwa limeshafaulu mtihani.

Vijana wenzangu, mnakimbilia kompyuta mno! Mnachagua rangi kabla ya kujua kitu kitafunguka vipi. Kunja kwanza. Andika kwa kalamu "mbele", "nyuma", "ndani", kisha ikunjue: utaona jalada la mbele liko kulia kabisa, nyuma iko katikati. Paneli inayoingia ndani ipunguze upana kama milimita moja, la sivyo itajikunja pembeni. Mdomo wa mfuko uelekee kwenye mkunjo ili CD isidondoke. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande. Halafu kunja tena, kwa sababu lazima utakuwa umebadilisha kitu.

Na ukilazimika kuweka kijitabu cha pini, kurasa ziende kwa nne: 4, 8, 12. Mteja akitaka 10, mpe 8 na umwambie apunguze shukrani.