Kabla hujaikataa bima ya chuo

Wiki ya kwanza Marekani mtu hana akili ya kusoma chochote. Usingizi umegeuka, unatafuta chumba, unatafuta sufuria, unashangaa mkate kuwa na sukari. Katikati ya hayo unafungua akaunti yako ya chuo na kukuta unadaiwa dola 1,400 za bima ya afya, muhula mmoja tu, na chini yake kuna kitufe cha kujiondoa kama una bima nyingine. Mimi nilikibonyeza.

Nilikuwa na kipimo cha nyumbani kichwani. Nikisoma shahada ya kwanza Dar, bima ya mwanafunzi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa Sh 50,400 kwa mwaka mzima. Sasa dola 1,400 za nini, na mimi nina miaka 27? Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania kaka mmoja akaniambia kuna bima ya wanafunzi wa kigeni, dola 60 hivi kwa mwezi, na chuo kinaipokea. Hakunidanganya. Yeye alikuwa nayo mwaka wa nne na hakuwahi kuugua hata siku moja. Bima ambayo hujaitumia siku zote ni nzuri.

Mimi nina pumu tangu utotoni. Novemba baridi ilipoanza kuuma, usiku mmoja kifua kikabana hadi inhela haikusaidia, nikakimbilia idara ya dharura. Walinivutisha dawa, wakaniangalia kwa muda wa saa nne, nikarudi kwangu kwa miguu. Baada ya wiki tatu ikaja bili ya dola 2,900. Nikiwa bado naitazama ikaja nyingine, ya daktari peke yake, maana kule daktari wa dharura anaweza kukudai mbali na hospitali. Kampuni ya bima ikaomba rekodi zangu za matibabu za nyuma, halafu ikajibu kwa aya moja: ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima, hatulipi. Na kweli iliandikwa hivyo kwenye mkataba. Sikuwa nimeusoma.

Ndiyo maana nasema, ukisoma mkataba wa bima, anza na hapo. Sheria ya bima ya enzi za Obama, ile ya 2010, ilizuia bima za kawaida kumtenga mtu kwa ugonjwa alio nao, na zuio hilo kwa watu wazima lilianza 2014. Bima nyingi za vyuo zinakwenda kwa masharti hayo. Lakini zile za bei rahisi wanazouziwa wageni mara nyingi ni bima za safari zilizovalishwa nguo nyingine, na sheria hiyo haizigusi. Urahisi wake unatoka huko huko: hazibebi pumu yako, kisukari chako, vidonda vyako vya tumbo, na nyingi zinabana au zinaruka kabisa mambo ya ujauzito. Dada zangu mnaopanga kuzaa mkiwa masomoni, someni kifungu hicho mara mbili.

Ukimaliza hapo, tafuta kiasi unachobeba mwenyewe kila mwaka kabla kampuni haijaanza kulipa. Halafu tafuta vikomo, na hapa watu huchanganya, kwa sababu viko viwili. Kipo kikomo chako, yaani ukishatoa kiasi fulani kwa mwaka, huduma zilizomo kwenye bima zinalipwa zote na kampuni. Hicho ni rafiki yako. Kipo pia kikomo cha kampuni, kwamba ikishatoa kiasi fulani inanawa mikono. Bima yangu ya dola 60 ilikuwa na hicho cha pili tu. Uliza pia kama hospitali iliyo karibu na unapoishi imo kwenye mtandao wao, yaani orodha ya hospitali wanazoshirikiana nazo. Mimi nilidhani kadi ni kadi.

Kwa mnaokwenda kusoma uzamivu, au uzamili wenye kazi ya kusaidia kufundisha au utafiti, mazungumzo ya bima yafanyike kabla hujakubali nafasi, siyo baada ya kutua. Vyuo vingi hulipa sehemu ya bima ya mwanafunzi mwenye kazi hiyo, vingine yote. Posho ya dola 24,000 yenye bima ndani inaweza kuipiku ya dola 26,000 isiyo nayo. Waandikie barua pepe, usione haya: mnalipa asilimia ngapi, je, miezi ya kiangazi imo, na nikimleta mwenzangu na mtoto nitaongeza kiasi gani? Swali la mwisho ndilo linalovunja watu. Kumwongeza mke au mume mara nyingi gharama yake yote inakuangukia wewe, na inaweza kumeza posho ya miezi miwili.

Mwenye visa ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, hana uhuru mkubwa wa kuchagua. Serikali imeweka kiwango cha chini: matibabu yasiyopungua dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani, na kiasi cha kubeba mwenyewe kisizidi dola 500. Familia aliyokuja nayo kwa J-2, visa ya wategemezi wake, inabanwa na masharti hayo hayo. Wa F-1, visa ya kawaida ya mwanafunzi, hana amri hiyo ya serikali, anafuata chuo chake. Lakini hicho kipengele cha mwili, hata kama ni F-1, hakikisha kimo. Hatupendi kukitaja, tunaona ni uchuro, na bado kila mwaka tunazungusha daftari la michango ili ndugu yetu akazikwe kwao.

Kama bili imeshakufikia, usiilipe siku hiyo na usiitupe kabatini. Omba mchanganuo, kila kitu na bei yake. Halafu uliza kuhusu msaada wa kifedha wa hospitali. Hospitali zisizoendeshwa kwa faida zinatakiwa na sheria za kodi kuwa na utaratibu huo kwa maandishi, ila hakuna atakayekufuata kukuambia. Nilijaza fomu, nikaambatanisha hati ya posho, na ile 2,900 ikashuka hadi 700. Nikailipa kidogo kidogo, dola 50 kwa mwezi. Ya daktari hawakupunguza hata senti.

Nilipotaka kurudi kwenye bima ya chuo niliambiwa nisubiri Agosti. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu Septemba, na majira ya baridi yalikuwa hata hayajafika nusu.