Hakushika bunduki, je, alikuwa askari?

SWALI: Shangazi, mtoto wa dada yangu alichukuliwa na waasi akiwa na miaka 13. Alibeba sufuria na kupeleka ujumbe; bunduki hakuishika. Sasa amerudi, na halali mpaka viatu viwe karibu na kichwa chake. Jirani anasema alijipeleka mwenyewe. Sheria inamtambua kama askari mtoto?

JIBU: Inamtambua, mama. Kanuni za Paris za 2007, miongozo ya kimataifa kuhusu watoto wanaotumiwa na majeshi na makundi yenye silaha, zinamhesabu mpishi, mpagazi na mpeleka ujumbe sawa na aliyeshika bunduki. Hilo la kujipeleka halina uzito: Itifaki ya mwaka 2000 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inayakataza makundi yenye silaha kumchukua yeyote aliye chini ya miaka 18, akubali asikubali. Akiwa chini ya 15, ni uhalifu wa kivita. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimfunga Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, miaka 14 kwa kosa hilo. Mwambie jirani, kama anasikia la mtu.

Viatu viache hapohapo. Asubuhi usimwamshe kwa kumgusa; mwite jina ukiwa mlangoni. Maswali ya huko alikotoka yangoje mpaka aanze mwenyewe. Je, shule imekubali kumpokea? Anza na hilo wiki hii.